Ushauri: Karibu Nusu ya Nguvu Yangu Inaishia Kwenye Bodi

Mshauri,

Mimi ni fundi wa redio hapa Mwanza. Nimebuni bodi ya kurushia data kwa masafa ya 5.8 GHz ili shule iliyo ng'ambo ya maji ipate intaneti kutoka kwenye shule mama huku mjini. Nimetengeneza mbili zinazofanana, moja kwa kila upande. Kila bodi ina amplifaya ya wati moja, kisha njia ya shaba ya sentimita 12, kisha antena bapa iliyochorwa kwenye bodi hiyohiyo, nayo inatazama dishi la zamani la televisheni. Nimetumia FR-4 ya kawaida yenye unene wa milimita 1.6 kwa sababu kiwanda kinaitoa kwa bei ndogo.

Nikipima kwenye mdomo wa amplifaya napata wati moja. Nikipima mwisho wa njia napata wati 0.55 tu. VSWR ya antena ni nzuri, 1.4, na inabaki nzuri kwenye masafa mapana kuliko programu ilivyonionyesha. Lakini intaneti inakatikakatika.

Rafiki yangu aliyesomea uhandisi anasema FR-4 haifai kabisa ukivuka 1 GHz na kwamba lazima ninunue Teflon. Bei yake imenitisha. Muuzaji mwingine ananishawishi nichukue kitu anachokiita "FR-4 ya masafa ya juu", bei yake ni nafuu. Nichague nini?

Fundi wa Redio, Mwanza

Kijana wangu,

Nianze na jibu, sababu zitafuata. Teflon usinunue. Hiyo "FR-4 ya masafa ya juu" usiiguse mpaka muuzaji akupe jina kamili la kilichomo. Unachohitaji ni vipande viwili vidogo vya bodi ya daraja la kati, nitakayoitaja hapa chini, na njia fupi kuliko hiyo uliyochora. FR-4 yako ibaki kwa kazi inayoiweza.

Umefanya jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: umepima nguvu mahali pawili kwenye njia moja. Ndiyo maana barua yako inajibika. Wati 0.55 kutoka wati 1 ni upotevu wa desibeli 2.6. Sasa tuzitafute hizo desibeli moja baada ya nyingine kabla hujatoa hata shilingi.

Chini ya shaba yako kuna kihami, yaani kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Wimbi la redio husafiri kwenye nafasi iliyo kati ya njia ya juu na shaba ya ethi iliyo chini, kwa hiyo sehemu kubwa ya wimbi imo ndani ya kihami hicho. Molekuli za epoksi zina ncha zenye chaji. Kwa 5.8 GHz zinavutwa huku na huku mara bilioni 5.8 kwa sekunde, haziwezi kufuata mwendo huo sawasawa, na kila zinapochelewa nguvu kidogo inageuka joto. Watengenezaji hukipima kiasi hicho kwa namba inayoitwa Df. Namba ya pili, Dk, inaeleza jinsi kihami kinavyolipunguza wimbi mwendo. FR-4 ya kawaida ina Df ya karibu 0.02 na Dk ya 4.2 hadi 4.6.

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukizidisha 0.91 kwa masafa katika GHz, kwa Df, na kwa kipeuo cha pili cha Dk, unapata desibeli zinazopotea kwa kila sentimita pale njia inapozungukwa na kihami pande zote. Njia yako iko juu ya bodi na sehemu ya wimbi inapita hewani, kwa hiyo upotevu unapungua kidogo: kwa 5.8 GHz juu ya FR-4 utakuta karibu 0.17 kwa sentimita. Zidisha kwa 12, unapata 2.1. Shaba yenyewe, kwa njia pana ya milimita 3 kama yako, inakula 0.2 au zaidi kidogo. Viunganishi viwili vya SMA ulivyopimia vinachukua kama 0.2 kwa pamoja. Jumla ni 2.5, na wewe ulipima 2.6. Hesabu imefunga. Mla nguvu wako ni epoksi, tena kwa sababu umempa sentimita 12 za kula.

Hapo ndipo rafiki yako alipokosea. Mpaka wa 1 GHz anaoutaja hauko popote katika fizikia. Kinachoamua ni masafa mara urefu wa njia. Kwa 2.4 GHz FR-4 hiyohiyo inapoteza karibu 0.07 kwa sentimita, na ndiyo maana moduli ndogo za WiFi zinatengenezwa kwa FR-4 duniani kote bila shida: njia kutoka kwenye chipu hadi kwenye antena ni sentimita moja au mbili. Wewe mwenyewe ukichora upya bodi yako kwa FR-4 uliyonayo, ukasogeza amplifaya hadi njia ikabaki sentimita 3, upotevu utashuka kutoka 2.6 hadi karibu 0.8. Umerudisha desibeli 1.8 bila kununua kihami chochote kipya. Fanya hivyo kwanza hata kama pesa unayo.

Ungekuwa na njia tu, ningekuambia uishie hapo. Lakini una antena, na antena haifupishwi. Ukubwa wake umewekwa na urefu wa wimbi.

Hebu tuitazame hiyo VSWR ya 1.4 inayokufurahisha. VSWR inaeleza kitu kimoja tu: nguvu kiasi gani imerudi ilikotoka. Haisemi kama ile isiyorudi imetoka hewani au imeishia njiani kwa joto. Mtu akipiga kelele ndani ya chumba kilichojaa magodoro hasikii mwangwi wowote, na sababu si kwamba sauti imetoka nje, magodoro yameimeza. Antena bapa juu ya FR-4 iko hivyo. Kwa vipimo vyako, hesabu inaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya nguvu inayoifikia antena inabaki kwenye epoksi kama joto. Hiyo ni desibeli 1.8 nyingine ambayo mita yako ya VSWR haiwezi kuiona. Na ule upana wa masafa uliokushangaza ndio ushahidi wenyewe: kihami kinachokula nguvu hutuliza mrejeo, kwa hiyo mchoro wa VSWR unatanuka na kupendeza. Ukiona antena bapa yenye masafa mapana kuliko programu ilivyotabiri, ishuku kabla ya kuisifu.

FR-4 ina kasoro nyingine ambayo kwa antena naiona kubwa kuliko upotevu. Jina FR-4 ni daraja lililowekwa na chama cha Marekani cha NEMA: linasema bodi ni kioo na epoksi, na kwamba inazuia moto kuenea. Halikuahidi chochote kuhusu Dk. Kioo peke yake kina Dk zaidi ya 6, epoksi peke yake iko kwenye 3 na kitu, na uwiano wa viwili hivi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, hata kutoka shehena hadi shehena ya kiwanda kimoja. Dk ikitoka 4.2 ikawa 4.6, antena yako inahama kwa zaidi ya asilimia 4, yaani karibu 250 MHz. Masafa unayoyatumia yanaanzia 5.725 GHz hadi 5.875, upana wa 150 MHz tu. Bodi iliyofanya kazi vizuri mwezi huu inaweza kuwa nje kabisa ya masafa ukiagiza tena mwezi ujao, na mchoro ni uleule. Huyo muuzaji wa "FR-4 ya masafa ya juu" mwulize mambo mawili: jina la mtengenezaji na namba ya bidhaa, ili uisome datashiti yake. Akikosa kimojawapo, mwache.

Sasa niseme ninachokipendekeza. Kuna familia ya vihami vya hidrokaboni vilivyochanganywa na unga wa seramiki na kuimarishwa kwa kitambaa cha kioo. Inayojulikana zaidi ni mfululizo wa RO4000 wa kampuni ya Rogers ya Marekani, hasa RO4350B na RO4003C. RO4350B ina Df ya 0.0031 kwa 2.5 GHz na 0.0037 kwa 10 GHz, kwa hiyo wewe uko katikati: chini ya moja ya tano ya ile ya FR-4. RO4003C ni bora kidogo, 0.0027 kwa 10 GHz, lakini haina kinga ya moto ya daraja la V-0, na RO4350B inayo. Bodi yenye amplifaya ya nguvu, ndani ya boksi lililofungwa, kwenye paa la shule: chukua yenye kinga ya moto. Hapa sina mjadala.

Kinachonifanya niipende familia hii ni kwamba kiwanda hutoboa, huchonga na kupaka shaba kwenye matundu kwa taratibu zilezile za FR-4. Kihami chenyewe bado kina bei mara kadhaa ya FR-4, ila kazi ya kiwandani haiongezeki sana. Dk yake inashikiliwa ndani ya 0.05 juu au chini, na kwa antena yako hiyo ni kama 40 MHz kila upande. Hapo unaweza kubuni ukilala.

Lakini angalia mtego mmoja kwenye datashiti. RO4350B ina Dk mbili. Moja ni 3.48, inayotumiwa na kiwanda kuhakiki ubora wa shehena. Nyingine ni 3.66, ya kubunia. Wewe ingiza 3.66 kwenye programu yako. Kwa RO4003C namba ya kiwanda ni 3.38 na ya kubunia ni 3.55. Vijana wengi huchukua ya kwanza kwa sababu imeandikwa juu kwa herufi nene, kisha wanashangaa antena imeshuka masafa.

Tuirudie njia yako ya sentimita 12, tuiweke kwenye RO4350B ya unene wa milimita 0.508. Kwa ohm 50 itakuwa na upana wa milimita 1.1 hivi. Kihami sasa kinakula 0.33 tu badala ya 2.1. Shaba je? Inakula 0.4 hadi 0.6. Tazama kilichotokea: shaba iliyokuwa haihesabiki kwenye FR-4 sasa imempita kihami. Njia imekuwa nyembamba, umeme umebanwa kwenye eneo dogo, na upinzani umepanda. Kuanzia hapa kununua kihami bora zaidi hakukusaidii sana, kwa sababu mla nguvu mkubwa si yeye tena.

Shaba nayo ina mambo yake. Kwa 5.8 GHz sehemu kubwa ya mkondo imejikusanya kwenye ngozi ya shaba yenye kina cha chini ya mikroni moja, karibu 0.86. Na uso wa shaba unaogusa kihami huwa umekwaruzwa makusudi ili ushike. Kwa shaba ya kawaida mabonde na vilima hivyo vinafika mikroni kadhaa. Mkondo unalazimika kufuata kila bonde na kila kilima, safari inarefuka, na upotevu wa shaba unaweza kukaribia mara mbili ya ule wa uso laini. Zipo shaba zilizolainishwa. Kwa mfululizo wa RO4000 Rogers huziita LoPro. Kwa kazi yako yenye njia fupi, sikushauri uzilipie. Anayehangaika na bodi za seva, zenye njia ndefu na data inayokwenda gigabiti 32 kwa sekunde kwa kila njia, huyo hana budi.

Kuna pia ule mng'aro wa dhahabu ambao kila kiwanda hukupendekezea. Dhahabu yenyewe haina neno, ni nyembamba mno. Tatizo ni nikeli iliyolazwa chini yake, mikroni 3 hadi 6, nayo hupitisha umeme vibaya zaidi ya shaba na ina usumaku. Ngozi ya mkondo kwenye kingo za njia inaishia ndani ya nikeli. Omba fedha ya kuzamishwa, au acha njia ya masafa chini ya ule utando wa kijani bila dhahabu, na dhahabu iwe kwenye sehemu za kulehemu tu. Utando wa kijani nao hula nguvu, lakini kwa unene wake na kwa sentimita 3 zako, usikeshe kwa hilo.

Na Teflon? Teflon ni jina la biashara la PTFE, kitu kilichogunduliwa mwaka 1938 na Roy Plunkett, mkemia wa DuPont, na ni kihami kizuri kweli. RT/duroid 5880 ina Dk ya 2.20 na Df ya 0.0009 kwa 10 GHz. Ila itie kwenye hesabu yako: kwa njia ya sentimita 12 ingekuokolea desibeli 0.3 au 0.4 zaidi ya RO4350B, na kwa njia ya sentimita 3 ni kama 0.1. Kwa hiyo 0.1 unanunua bodi laini inayojikunja, inayotanuka kwa joto, na ambayo shaba haitaki kushika kwenye kuta za matundu yake mpaka kiwanda kizitibu kwa plazma au kwa kemikali ya sodiamu. Si kila kiwanda kinajua kazi hiyo, na kinachoijua kinajua pia kuitoza. PTFE ina mahali pake: rada za magari za 77 GHz, vifaa vya setilaiti, maabara za vipimo. Ukifika huko utaihitaji, na hakuna atakayekuuliza kwa nini umeilipia.

Nikirudi kwako, gawa kazi. Ugavi wa umeme, kichakataji, swichi na taa viache kwenye FR-4 kubwa kama vilivyo. Havijui kama kuna 5.8 GHz duniani. Amplifaya na njia yake vihamishie kwenye kipande cha RO4350B cha milimita 0.508, sentimita 4 kwa 5 panatosha. Antena iweke kwenye kipande kingine cha RO4350B, lakini kiwe cha milimita 1.524. Sababu ni hii: antena bapa hupenda kihami kinene. Kwa 0.508 ingekupa upana wa masafa wa karibu 55 MHz tu, na kwa 1.524 unapata kama 165, unaofunika ile 150 yako kwa tabu lakini unaifunika. Shaba ya antena itakuwa karibu milimita 17 kwa 13. Programu ikuwekee vipimo kamili. Ilishe kwa nyuma kwa pini fupi inayotoboa bodi, amplifaya ikae mgongoni mwake, na njia nzima isizidi sentimita 3. Vipande viwili vya ukubwa huo ni vidogo, na kiwanda hutoza kihami kwa eneo.

Kwa mpango huo, kutoka amplifaya hadi antena utapoteza karibu 0.4 badala ya 2.6. Ndani ya antena yenyewe, badala ya theluthi, itapotea chini ya asilimia 10, tuseme 0.4 badala ya 1.8. Umepata desibeli 3.6 kwa upande mmoja. Na upande wa pili wa maji kuna bodi ileile, inayopokea kwa njia ileile. Huko upotevu unauma zaidi, kwa sababu unakuja kabla ya amplifaya ya kupokea: wimbi linafifia lakini kelele ya joto haififii nalo, na amplifaya hata iwe nzuri vipi itakuza vyote viwili pamoja. Ukibadilisha pande zote mbili unapata desibeli 7 na kidogo. Kwa anga wazi hizo ni zaidi ya mara mbili ya umbali.

Nakuomba usizitumie kuongeza umbali. Ziache ziwe akiba. Wimbi linalovuka maji hufika mara mbili, moja kwa moja na kwa kupiga uso wa ziwa, na mawili hayo yakikutana kinyume yanauana. Hali ya hewa juu ya maji hubadilika kati ya alfajiri na mchana, na mkutano huo hubadilika nayo. Huenda sehemu ya kukatikakatika kwako inatoka huko, na hapo hakuna kihami kitakachokusaidia. Ukishamaliza bodi, jaribu kupandisha au kushusha dishi la upande mmoja mita moja au mbili, uangalie saa kwa saa siku nzima. Andika unachokiona.

Unyevu nao usiudharau, hasa kwa mtu wa kando ya ziwa. Maji yana Dk ya karibu 80, kwa hiyo hata chembe inayonyonywa na bodi inahamisha masafa na kuongeza upotevu. RO4350B hunyonya asilimia 0.06 tu, FR-4 zaidi ya hapo. Bodi zako zikifika, zihifadhi kwenye mfuko uliozibwa, na kama zimekaa wazi zikaushe kwenye oveni kwa saa kadhaa kwa nyuzi 105 hadi 120 kabla ya kulehemu. Boksi la paani lizibe vizuri, lakini lipe tundu dogo la kupumulia upande wa chini. Lililozibwa kabisa hujaa jasho usiku.

Unapoagiza, andika kwenye oda jina kamili, unene, na uzito wa shaba, halafu uandike wazi kwamba hukubali kibadala. Maneno "au inayolingana nayo" yakiwemo kwenye oda, kiwanda kina ruhusa ya kukuletea kilichopo stoo. Na kwenye kona ya kile kipande chembamba, cha milimita 0.508, chora njia mbili za kupimia zenye upana uleule, moja ya sentimita 3 na nyingine ya sentimita 8, kila moja ikiwa na nafasi za SMA mbili. Kama hazitoshei, ongeza ukanda mwembamba utakaoukata baadaye. Zipime zote mbili, kisha toa ndogo kwenye kubwa. Viunganishi vinajifuta vyenyewe kwenye kutoa huko, na unabaki na upotevu halisi wa sentimita 5. Mita ndogo za mezani zinazofika 6 GHz zinatosha kwa kazi hii. RO4350B ya 0.508 inapaswa kukupa kati ya 0.3 na 0.45. Ukipata karibu 0.9, hiyo si RO4350B, chochote kilichoandikwa kwenye ankara.

Jambo la mwisho ni la sheria. Ukipunguza upotevu, nguvu inayotoka kwenye dishi inapanda, na wati moja nyuma ya dishi si kitu kidogo. Kabla ya kupandisha bodi mpya juu ya paa, nenda ofisi ya TCRA, yaani mamlaka ya mawasiliano, na vipimo vyako mkononi, uulize kiwango kinachoruhusiwa kwa masafa hayo na uidhinishaji wa kifaa ulichojitengenezea. Ikibidi, punguza amplifaya. Upande wa kupokea utakuwa umeshafaidika bila kuvunja sheria ya mtu, na shule hizo mbili zinahitaji intaneti ambayo hakuna mkaguzi atakayekuja kuizima.

Anza na njia ya sentimita 3 kwenye FR-4 wiki hii, upime, kisha ndipo uagize RO4350B.